Ghala Lisipoitika

Siku nilipokabidhi funguo za chumba cha seva, mwenzenu aliyepokea nafasi yangu aliniuliza swali moja tu. Alitaka kujua kwa nini folda ya Huduma inakataa kuandikwa wakati ghala la diski halijaunganishwa, na kwa nini ndani ya faili la kuwashia seva nimeandika kwa herufi kubwa: USIFUTE MSTARI HUU HATA UKIKASIRIKA. Nilimjibu kwa kifupi, kwa sababu soda za kuniaga zilikuwa zinapata joto na meneja alishasimama na karatasi ya hotuba. Jibu refu ni hili. Nawaandikia ninyi mliobaki kituoni, ambao wengi wenu mlikuta kila kitu kinajiendesha na mkadhani kilizaliwa hivyo.

Sikusomea kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa kwenye shamba la ng'ombe la serikali, upande wa Kwai, kuwa msaidizi wa fundi wa mitambo ya kupozea maziwa. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya ngozi nilivyoazima kwa mjomba. Fundi mkuu, Mzee Kaniki, aliniangalia kuanzia chini.

"Umekuja kazini au umekuja kuposa?"

Nikasema nimekuja kazini.

"Basi vua hivyo. Hapa sakafu yote ni maji na mavi. Mjomba wako atakulaani."

Mzee Kaniki alikuwa na somo moja alilolirudia kila umeme ulipokatika, na Lushoto umeme ulikatika kila mvua ilipopita na kila mti ulipoangukia waya. Alisema umeme ukirudi usiukimbilie. "Huu wa kwetu unarudi kama mlevi," alisema. "Anagonga, anaingia, anatoka, anarudi tena. Mwache kwanza akae." Halafu tuliwasha kwa mpangilio: pampu ya maji, kisha feni, kisha ndipo kompresa. Kila mtambo ulimngoja mwenzake. Kompresa ikiwashwa kabla maji hayajazunguka, inaungua.

Najua inaungua kwa sababu niliiunguza. Asubuhi moja yeye alikwenda kunywa chai, umeme ukarudi, nami nikataka akirudi akute kila kitu kinanguruma. Alikuta moshi. Maziwa ya siku ile yalimwagwa yote. Bwana shamba alipokuja kuuliza nani kafanya hivi, Mzee Kaniki alisema, "Tumeiunguza." Akaishia hapo. Neno lile "tumeiunguza" lilinikaa kichwani miaka mingi. Ningekuwa mtu bora kama lingenikaa pia mdomoni, na hilo mtaliona mbele.

Ulipokuja wakati wa ubinafsishaji, shamba liligawanywa na kuuzwa vipande. Matangi ya kupozea yalipakiwa kwenye lori yakashuka Soni na hatukuyaona tena. Wengi walipunguzwa kazi, Mzee Kaniki akiwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na umri mkubwa. Mimi nilibaki kwa kuwa nilijua nyaya, na kampuni iliyonunua majengo ilitaka mtu wa nyaya. Walifungua kituo hiki cha uhimilishaji. Wakulima wa milimani waliita kazi ile "chupa". Ng'ombe akipata joto, yaani akitaka dume, mkulima anatuma habari, mhimilishaji anakuja na mtungi wenye mirija ya mbegu iliyogandishwa, anampandisha ng'ombe bila dume kuonekana. Wazee walicheka sana mwanzoni. Walipoona ndama wanaozaliwa wanatoa maziwa mara mbili ya mama zao, wakaacha kucheka wakaanza kupanga foleni.

Kompyuta zilikuja baadaye kidogo, pamoja na Injinia Joel, kijana wa kampuni iliyotuuzia. Alifunga seva moja, na kando yake sanduku la diski lililounganishwa kwa kebo ya mtandao, tukaliita ghala. Alinifundisha kwa subira kubwa. Mambo mawili aliyonifundisha lazima myaelewe, maana kisa chote kimekaa hapo.

La kwanza: kumbukumbu za huduma hazikai kwenye seva, zinakaa ghalani. Kwenye seva kuna folda tupu, jina lake Huduma, ambayo kazi yake ni kuwa mlango. Ghala likiunganishwa, ukifungua folda ile unaona vya ghalani. La pili: ghala lisipounganishwa, folda ile bado inafunguka. Ni folda ya seva yenyewe, haina kitu, lakini ukiipa kitu inapokea bila kulalamika. La kwanza nililielewa siku ile ile. La pili nilitikisa kichwa tu kama mtu anayeitikia hotuba.

Joel aliacha mstari kwenye faili la kuwashia ili seva ikiamka iunganishe ghala yenyewe. Ulifanya kazi mpaka umeme ulipokatika kwa mara ya kwanza. Umeme uliporudi, seva na ghala vilianza kuamka pamoja. Ghala lilikuwa zito, lazima likague diski zake zote moja moja kabla ya kuitika. Seva ikaita, ghala kimya, seva ikagoma hapo hapo na skrini nyeusi. Ofisi ilikaa bure mpaka karibu adhuhuri na meneja alikuwa anapita mlangoni kila mara akikohoa. Nikakasirika, nikafuta mstari. Tangu siku hiyo, kila umeme ulipokatika usiku, nikawa naunganisha kwa mkono: nafika asubuhi, nahakikisha ghala limeamka, naandika amri, naiona Huduma imejaa, naenda kunywa chai.

Nisiwadanganye, nililipenda jambo hilo. Watu walisema, "Fundi hajaja, sistimu haijaamka," nami nilitembea kutoka nyumbani taratibu kama daktari. Ningeweza kumpigia Joel. Wakati huo simu za mkononi zilishafika, ingawa ilibidi upande mpaka juu kwenye mikaratusi ndipo upate mtandao. Sikupanda.

Sasa aingie Mwanaidi. Alikuwa mhimilishaji mwanamke wa kwanza kituoni, binti wa Mlalo, ametoka chuo cha mifugo akiwa na mkataba wa majaribio. Wakulima walimwita Dada wa Chupa. Aliendesha pikipiki kwenye njia ambazo mimi huteremka nimeshika majani. Wahimilishaji wengine walirudi jioni wakaingiza kazi zao kwenye kompyuta kabla ya kwenda nyumbani. Yeye hakuweza. Ng'ombe anayeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni, na yeye alipewa vijiji vya mbali, hivyo akirudi ofisi imefungwa. Kwa hiyo aliingia alfajiri, mlinzi akamfungulia, akaandika kazi ya jana kwenye fomu ya kompyuta, akaondoka kabla sisi hatujafika.

Baada ya miezi kadhaa meneja akaanza kuulizia mirija. Mtungi wa Mwanaidi ulikuwa unapungua mirija, lakini kwenye kompyuta ng'ombe waliopandishwa hawakufikia idadi ile. Siku nyingine kazi yake ilikuwepo, siku nyingine haikuwepo kabisa. Wakati ule watu binafsi walishaanza kufanya chupa mitaani, na mbegu ya kuibwa ilikuwa na soko. Hakuna aliyelitamka neno hilo kwa sauti, na kila mtu alilisikia.

Meneja, Bwana Lema, hakuwa mtu mbaya. Alituita watatu ofisini: Mwanaidi, daktari wa mifugo wa kituo, na mimi.

"Mwanaidi, kazi za wenzako zinaonekana. Zako zinapotea. Kompyuta haina chuki na mtu mmoja."

"Niliziandika, bosi. Zote."

"Ziko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mwenye kompyuta ni baba hapa."

Wote wakanigeukia. Meneja akasema, "Fundi, sistimu ina tatizo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Lingekuwa jibu la kweli na lisingenigharimu kitu. Nikasema, "Sistimu iko sawa. Kila asubuhi naiangalia mwenyewe."

Mwanaidi hakubishana nami. Alisimamishwa kazi hadi uamuzi utakapotolewa, na sote tulijua uamuzi wenyewe. Mkataba wa majaribio haudai maelezo marefu, na mhimilishaji aliyefukuzwa kwa tuhuma za kuiba mbegu asingepata kazi kituo kingine chochote nchi hii.

Alikuja siku iliyofuata kurudisha mtungi, mabuti na koti la mvua. Mimi ndiye niliyekuwa stoo. Alinipa shikamoo yangu kamili, kwa sauti ya kawaida, na hiyo iliniuma kuliko kama angenipita kimya. Akapanga vitu vyake mezani. Mabuti alikuwa ameyaosha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Baba, naomba nikuulize kitu. Si kwa ubaya."

"Uliza, mwanangu."

"Mimi naandika alfajiri. Wewe unafika saa mbili, ndipo unaliunganisha ghala, si ndiyo?"

"Umeme ukiwa ulikatika usiku, ndiyo. Usipokatika, linakuwa limeunganishwa tayari."

"Sasa umeme ukiwa umekatika, ile kazi yangu ya alfajiri, mpaka wewe ufike, inakaa wapi?"

Nikafungua mdomo niseme inakaa ghalani. Neno likagoma. Ghala lilikuwa halijaunganishwa, ingekaaje ghalani? Na fomu ilipokea, haikukataa. Ilipokea wapi?

"Kaa," nikamwambia. "Kaa hapo hapo, usiondoke."

Nilikwenda kwenye seva nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilipofuta ule mstari. Badala ya kuunganisha ghala, nililitenganisha. Kisha nikafungua folda ya Huduma, ambayo kwa akili yangu ilipaswa kuwa tupu.

Haikuwa tupu. Kazi za Mwanaidi zilikuwa humo, zimelala kimya moja baada ya nyingine, kila moja na jina la kijiji, namba ya hereni ya ng'ombe na mrija uliotumika. Zilikuwa za zile asubuhi zilizofuata usiku wa kukatika umeme, tena hizo tu. Alikuwa akiziandika kwenye folda ya mlango, kisha mimi nikija naunganisha ghala juu yake, na vilivyokuwa chini havionekani tena. Fikirieni mtu anayeweka vitu vyake sakafuni, halafu mwingine anakuja anatandika mkeka juu na kuusifia mkeka wake ulivyonyooka. Kila asubuhi ya namna hiyo nilikuwa nafunika kazi ya yule binti kwa mkono wangu mwenyewe, halafu naenda kunywa chai.

Alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu. Akasoma skrini polepole.

"Huyu ni wa Bi Zubeda," akasema. "Huyu nilimfuata kwa miguu." Akakaa kwenye kiti changu akajifuta uso kwa mtandio. Nilisema, "Twende kwa meneja," na nikatangulia, nikihofia kwamba nikichelewa hata kidogo nitaanza kutafuta maneno ya kujikinga.

Kwa meneja nilisema lote: mstari niliofuta, simu nisiyopiga, jibu nililolitoa wakati sijui. Bwana Lema alisikiliza, akavua miwani.

"Fundi, nakuheshimu. Lakini nitajuaje kwamba hamkuziandika leo? Binti amerudisha vitu, umemhurumia, mkakaa mkaandika."

"Zina tarehe, bosi."

"Na saa ya kompyuta anairekebisha nani?"

Mwenye kuirekebisha nilikuwa mimi. Daktari wa mifugo, aliyekuwa dirishani akiosha mikono, akasema, "Ng'ombe hawajui kurekebisha saa. Twendeni tukawapime."

Tulipanda gari la kituo wote wanne. Kwa wasiojua, mimba ya ng'ombe ikishafikisha miezi kadhaa daktari huihisi kwa mkono, na mkono unaingia mpaka begani. Bwana Lema alikuwa mtu wa mahesabu, amezaliwa mjini, na siku ile alivaa viatu vya ngozi. Nilitaka kumwonya, nikaona sina cheo cha kuonya mtu.

Kwa Bi Zubeda tulimkuta mwenyewe anachuma mboga. Alimsalimia Mwanaidi kwa Kishambaa, wakaulizana habari za nyumbani kwa kirefu kama kawaida, sisi tukiwa tumesimama kwenye tope. Kisha meneja akauliza.

"Mama, una hakika ni huyu aliyempandisha ng'ombe wako?"

"Nani mwingine? Mvua inanyesha, pikipiki kaiacha kule bondeni, kapanda na mtungi mgongoni. Kwani nimesema alikuja malaika?"

"Alikuja kutoka kituoni au alikuja kwa kazi yake binafsi?"

Bi Zubeda akamtazama viatu. "Na wewe umetoka kituoni?"

Daktari alishaingiza mkono. Ng'ombe akaguna, daktari akaangalia angani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Ipo," akasema. Bwana Lema akaangalia karatasi niliyomchapia, akatia alama.

Tulikwenda nyumba hadi nyumba. Ipo. Ipo. Katika nyumba moja ya juu kabisa daktari alikawia, akatoa mkono, akatikisa kichwa. "Huyu hana kitu."

Bwana Lema akatafuta jina la mwenye ng'ombe yule kwenye karatasi, akasoma mstari wa maelezo. Akausoma tena kwa sauti, taratibu: "Nimefika nimechelewa, joto linapita. Nimempandisha kwa kuwa mwenye ng'ombe ameomba. Sidhani kama atashika."

Bwana Lema alikunja karatasi akaiweka mfukoni. Mtu anayetunga kazi ya uongo hatungi kazi iliyoshindikana, na yeye, mtu wa mahesabu, alilijua hilo kuliko sisi.

"Mwanaidi," akasema, "mtungi wako uko wapi?"

"Nimeurudisha stoo, bosi."

"Kesho uuchukue. Na mimi nitasema mbele ya wote kwamba nilikosea."

"Tulikosea," nikasema. Sikujipangia kulisema. Lilitoka lenyewe.

Jioni ile ile nilipanda kwenye mikaratusi nikampigia Joel. Nilidhani atanicheka. Alisema, "Mzee, hata huku mjini wanafanya hivyo hivyo. Chukua kalamu." Tulirekebisha kwa siku kadhaa, mimi napanda na kushuka, na nawaandikia hapa ili msije mkaharibu.

Mstari wa kuunganisha nimeurudisha, lakini umeambiwa kwamba kitu hiki kiko mtandaoni, hivyo usiguswe mpaka mtandao uwe umeamka. Seva ikiita na ghala likawa kimya, haigomi tena. Inaendelea kuamka na mambo mengine, na pembeni inaita tena na tena mpaka ghala liitike. Folda ya mlango nimeifunga: ikiwa tupu haipokei maandishi ya mtu yeyote, hata yangu. Na fomu ya wahimilishaji haifunguki kabla ghala halijaunganishwa, inaandika, "Subiri, ghala bado." Kazi za Mwanaidi nilizihamishia ghalani moja moja, yeye akiwa pembeni anazihakiki. Mpangilio huu wote Mzee Kaniki angeuelewa bila kuwahi kuona kompyuta. Nilikuwa nimefundishwa tayari, nikadhani ni habari ya maziwa tu.

Tulijaribu mchana, watu wote wakiwepo. Bwana Lema alishusha swichi kuu mwenyewe, akangoja, akaipandisha. Seva ikaamka. Fomu ikaandika "Subiri, ghala bado." Mtu mmoja nyuma akasema, "Kama Fundi mwenyewe," wakacheka. Mikono yangu ilitaka kibodi, nikaiweka mfukoni. Tukangoja. Kisha maneno yakatoweka na fomu ikafunguka.

Nilikuwa nimejiandaa kumwomba Mwanaidi radhi mbele ya wote, na nikaanza. Nilisema nilimshuhudia uongo, si kwa chuki, kwa majivuno, na kwamba siku alizokaa nyumbani akifikiriwa mwizi siwezi kumrudishia.

"Baba, nimekusikia," akasema. "Siku zile zilikuwa mbaya. Mama yangu aliacha kwenda gulioni. Lakini nimekusikia." Kisha akavuta kiti. "Sasa nipishe niandike, kuna ng'ombe Mlalo ananingoja."

Muda si mrefu baadaye mvua kubwa ilinyesha usiku kucha na mti ukaangukia waya, kama ilivyo desturi yake. Asubuhi nilitembea kwenda kazini haraka kuliko kawaida, nimevaa koti juu ya koti. Mlinzi alikuwa anapiga mswaki mlangoni.

"Umeme ulikatika?" nikamuuliza.

"Ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi."

"Na Mwanaidi?"

"Alishaandika, alishaondoka. Aliniambia nikusalimie."

Niliingia nikafungua ghala. Kazi yake ya jana ilikuwa mahali pake, mpaka jina la mwenye ng'ombe na rangi ya ndama ambaye ng'ombe huyo alishamzaa, na hakuna mkono wa mtu uliokuwa umeliunganisha ghala.